Siku ya mwisho ya muhula: asubuhi chuoni Tunguu, alasiri Paje

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaswali, chai ya mchaichai iko jikoni, na kabla haijachemka nafungua mkoba kuhakikisha ripoti za wanafunzi wangu kuhusu kilimo cha mwani zimo. Leo ni mtihani wa mwisho wa muhula wa pili. Wanafunzi wangu watahesabu kwamba kazi imekwisha ikifika saa sita mchana, na wana haki hiyo. Mimi nafundisha mazingira ya pwani, na kwangu muhula haufungwi mpaka ripoti hizi zifike kwa wenyewe, wakulima wa Paje.

Saa moja. Daladala ya kutoka Fuoni imejaa hadi mlangoni. Kusi imeshika, asubuhi ina ubaridi, na vijana wameyakumbatia madesa yao kama watoto wachanga. Mazungumzo ni yale yale ya kila mwisho wa muhula: nani ana sapu, bumu liliisha lini, nani kapangiwa fildi wapi. Binti mmoja wa Makunduchi anaombea mtihani umalizike salama aende kwao, maana Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi, umekaribia na nyumba yao imejaa wageni. Kijana wa Wete, Pemba, anaulizia boti ya kesho. Namwambia ale kidogo kabla ya safari, kwa sababu mkondo wa Nungwi wakati wa kusi haumwachi mtu tumbo lake.

Saa tatu. Vitambulisho juu ya meza, simu nje, saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Natangaza waanze, na chumba kizima kinainama.

Saa nne na nusu. Kazi ya msimamizi ni kutembea na kutazama, na leo natazama kwa moyo wote. Swali la nne linauliza kwa nini wakulima wengi wa pwani ya mashariki ya Unguja wameacha kulima mwani aina ya kotonii wakabaki na aina ya spinosamu. Wangeweza kulijibu kwa kukariri. Kilimo cha mwani kwetu kilianza mwaka 1989 katika pwani hiyo hiyo, walio wengi katika kazi hii ni wanawake, na mwani mkavu unasafirishwa nje kwenda kutolewa karaginani, ile inayotiwa kwenye dawa ya meno na vyakula. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haivumilii maji ya moto. Joto likizidi inageuka nyeupe, inalegea na kukatika, na mkulima anakuta kamba tupu.

Hawa lakini wameyaona kwa macho. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa inaaga, tulisimama kwenye maji ya magotini kule Paje na vipimajoto, maji yakiwa yamepita nyuzi 30 mchana. Tukarudi Juni, kusi imeingia, wakapima tena pale pale, kisha wakapima na mbele zaidi kwenye kina. Waliwahoji wakulima huku wakifunga mbegu nao, na mikono ya baadhi yao ilichubuka kwa taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu.

Napita nyuma ya binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Kachora. Vigingi viwili, kamba imevutwa baina yao, vishada vya mwani vinaning'inia kila kimoja na kifundo chake cha taitai, na juu yake mistari miwili ya maji: mmoja wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mmoja wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kwenye mstari wa chini kaandika kwa herufi ndogo kwamba hapa ndipo maji yanapochemka. Hakuna kitabu kilichompa mchoro ule. Naendelea kutembea nisije nikamkatisha, lakini furaha niliyokuwa nayo ninaijua mwenyewe.

Saa sita. Nakusanya vijitabu, nahesabu, nahesabu tena, tunasaini. Nje wanapigana picha. Wengine wanakuja kuniaga, "Mwalimu, utusamehe tulipokukosea," nami nawaambia vivyo hivyo.

Saa saba. Sala, wali na mchuzi wa changu kantini, basi.

Saa nane. Gari ya Paje. Kwenye msitu wa Jozani dereva anapunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wasigongwe, na mimi natumia nafasi hiyo kupitia ripoti mara ya mwisho.

Niseme hapa jambo linaloniuma. Kazi za wanafunzi wetu zinaandikwa kwa Kiingereza, zinasahihishwa, zinapewa alama, kisha zinafungiwa kabatini. Mama aliyeacha kazi yake bamvua nzima kujibu maswali haambiwi kilichopatikana. Mwakani linakuja kundi jingine na maswali yale yale. Ndiyo maana muhula huu kila kundi liliandika pia kurasa mbili za Kiswahili, herufi kubwa, michoro mingi, kwa ajili ya wale waliowahoji. Haikuwa na alama. Waliiandika wote.

Saa tisa na nusu. Maji yalikupwa asubuhi wakati sisi tuko kwenye mtihani, sasa yanajaa, na kina mama wamesharudi. Wako bandani wanafunga mbegu, mwani mwingine umeanikwa nje.

"Hodi wenyewe. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Watoto wako wapi?"

"Wamemaliza mtihani leo. Wamenipa amana yenu."

Nasoma kwa sauti, mikono yao haisimami. Nikifika pahala wanapokubali wanaitikia, nikifika pahala pana mchoro karatasi inazungushwa. Kuhusu kuhamia kwenye kina ambako maji ni baridi, wanasema la kweli: wengi wao hawajui kuogelea, na kule kunataka chombo. Wanafunzi waliliandika hilo, nalo likawafurahisha.

Kisha bi mkubwa mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Hayo ya joto ni kweli tupu. Lakini mbona mvua hawakuiandika? Masika ikipiga siku mbili tatu mfululizo, maji yanapungua chumvi, mbegu inalainika. Unaishika, inakukatikia mkononi. Watoto walikuja jua, wakarudi jua."

Nikachukua kalamu. Ni kweli mwani hauyapendi maji yaliyopungua chumvi, na katika maswali tuliyoyapanga darasani mvua haikuwemo. Nikamuuliza ni maeneo gani yanaathirika mwanzo, akanionesha kwa kidole upande ambao maji ya mvua hushukia kutoka kijijini. Wenzake wakaongeza, mmoja akabisha, wakajadiliana wao kwa wao. Kwa dakika hizo mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi pale bandani.

Nakala nyingine nikawaachia wampelekee sheha, kiongozi wa serikali wa hapo kijijini.

Saa mbili usiku. Nyumbani. Vijitabu viko mezani, na matokeo yana siku yake ya kuwasilishwa. Kabla sijafungua hata kimoja nimewatumia ujumbe wanafunzi wote kwenye kundi letu la WhatsApp: ripoti zimefika, mmesifiwa, na bi mkubwa anauliza kuhusu mvua. Yule wa Wete amejibu wa kwanza, kwamba kwao Pemba nako wanalima mwani na likizo hii atawauliza wakulima wa huko.

Kwenye mpango wa kozi ya mwakani nimeongeza kipima chumvi, na safari moja ya masika, bamvua ya mwanzo baada ya mvua kubwa. Sasa naanza kusahihisha, na naanzia swali la nne.