Mita 150 Ndani ya Ukungu

Nilipokuwa nasoma fizikia Glasgow, nilikuwa na sababu yangu ya kuutaka mlima Ben Nevis, na sikumwambia mtu. Wenzangu wawili wa maabara walifuata sifa: kilele kirefu kuliko vyote Uingereza, mita 1,345. Mimi nilimfuata mwanafizikia C. T. R. Wilson. Septemba 1894, akiwa na miaka 25, alikaa majuma mawili kwenye kituo cha hali ya hewa kilichokuwa kileleni pale, akaona jua likichora duara za rangi kwenye mawingu na ukungu. Zilimkaa kichwani. Akarudi maabara kutengeneza wingu lake mwenyewe ndani ya kioo, na chombo hicho baadaye kikaonyesha njia zinazopitwa na chembe zenye chaji, vitu ambavyo hakuna jicho limewahi kuviona. Mwaka 1927 kikampatia Nobeli. Nami nilitaka kuziona duara hizo. Tamaa ya kitoto, nakubali.

Tulipanda treni Ijumaa moja ya Mei. Reli inakatiza Rannoch Moor, kinamasi kisicho na mwisho, laini kiasi kwamba wajenzi walitandaza matita ya matawi na mizizi ili isididimie. Nilibandika uso dirishani njia nzima. Fort William, mji ulio chini ya mlima, tulifika usiku, tukalala.

Njia inaanzia bonde la Glen Nevis, chini kabisa, karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna mita unayopewa bure. Wenzangu walikuwa na buti. Mimi nilivaa raba na suruali ya jinzi, maana chini kulikuwa na jua na watu walitembea na fulana. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akishuka alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akapita bila neno. Laiti angesema.

Kwenye mita 1,000 hivi tukaingia kwenye wingu, na juu kidogo theluji ikaanza. Theluji, Mei! Njia ikafukiwa, tukawa tunafuata marundo ya mawe yaliyopangwa kuonyesha mwelekeo, tukifika moja tunangoja kuliona la pili. Jinzi ilikuwa imelowa na kukakamaa kama bati. Kileleni tulikuta kuta zilizobomoka za kile kituo, kilichofungwa mwaka 1904. Nikajibanza nyuma ya ukuta nikingoja jua. Dakika kumi, ishirini. Tukapiga picha: watu watatu mbele ya weupe mtupu. Ingeweza kupigwa bafuni.

Kushuka ndiko kulikotutia adabu. Nyayo zetu zilikuwa zimefutika. Upande wa kaskazini wa mlima ule ni magenge matupu, mengine yakishuka karibu mita 700, na theluji huning'inia ukingoni ikiwa haina kitu chini yake. Kwa macho ni uwanja tambarare. Bahati yetu, mwenzetu mmoja, binti mpole asiyependa makuu, alikuwa ameandika namba kwa kalamu nyuma ya kiganja: 231, 150, 282. Kutoka kileleni unafuata nyuzi 231 za dira kwa mita 150, ndipo unageukia 282. Ukigeuka kabla, au ukapitiliza, kuna korongo linakungoja kila upande.

Yeye akashika dira, mimi nikapewa kazi ya kuhesabu hatua. Nilihesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Nilipotangaza kwamba mita 150 zimetimia, akasimama, akanigeukia.

"Hatua zako au zangu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miguu yangu ni mirefu, lakini kwenye theluji nilikuwa nikiburuza raba, hatua nusu nusu kwa kuogopa kuteleza. Hatukubishana sana, baridi haikuruhusu. Tukaenda hatua ishirini zaidi, zake, na rundo la mawe likajitokeza mbele yetu kama mtu aliyesimama. Nililikumbatia. Kweli, nililikumbatia jiwe.

Jioni, ndani ya treni, niliwaeleza habari ya Wilson. Mwenye dira alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwanafizikia mzima! Ili uzione, jua liwe mgongoni na wingu liwe mbele yako. Sisi tumekuwa ndani ya wingu tangu saa tano asubuhi."

Halafu akatafakari kidogo. "Yaani wewe ndiye uliyekuwa ndani ya chombo."

Sikuwa na jibu. Chini ya kiti raba zangu zilichuruzika maji hadi Glasgow.