Plaiwudi mbili, unene mmoja, bei mbili

Juzi nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kutafuta plaiwudi, zile mbao za matabaka yaliyogundishwa, za kabati la jikoni. Duka la pili walitaja bei iliyozidi ya kwanza kwa karibu nusu, na zote ni milimita 18, futi 8 kwa 4. Nikadhani nimeonekana mgeni wa mji.

Fundi wangu akaniinamisha ubavuni mwa plaiwudi: "Hesabu matabaka, kaka." Ile rahisi ilikuwa na matabaka machache manene, na katikati mapengo ya kupitisha ncha ya kalamu. Ya ghali, matabaka yalikuwa mengi, membamba, yamebanana.

Halafu gundi. Ya kawaida ikikutana na maji huachia, plaiwudi ikavimba kama mkate kwenye chai. Ya fenoli, inayotumika kwenye marini (plaiwudi ya kuhimili maji), huvumilia. (Kabati langu la kwanza lilifia chini ya sinki, sikuhitaji mahubiri.)

Usafiri nao umo kwenye bei: za Mafinga, Iringa, zinalipiwa lori, za nje meli na ushuru.

Nikachukua marini mbili za upande wa sinki. Kule juu, vinakokaa vikombe tu, nikaweka ile rahisi.