Usiku Mgongo Uliponyamaza

Njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita 5 daktari wa usingizi alipoingia. Kabla hajafungua vifaa vyake nikamwambia mgongo wangu ni mbovu, diski ya kati ya pingili imetokeza, huu mwaka wa sita. Nilijua atageuka atoke. Badala yake akauliza kama nimewahi kupasuliwa mgongo, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama miguu hufa ganzi. Mmoja tu, nikasema, wa kushoto, tena mara mojamoja. Akanieleza kwamba sindano ya epidurali, ile ya ganzi ya uchungu wa kuzaa, haigusi diski. Hupita kati ya pingili na kuishia nje ya utando unaozunguka neva.

"Kaa ujikunje, mama. Mgongo utokeze nyuma."

Mwenye tumbo la miezi tisa ajikunje! Mkunga alinishika mabega, nikamlalia kifuani. Uchungu ulipokuja, daktari alisubiri upite. Ganzi ya ngozi ilichoma kama nyuki, kisha nikahisi kusukumwa kuzito ndani ya kiuno. Mara ya kwanza sindano iligota mfupa. Ya pili ikakaa. Akapitisha mpira mwembamba, akachomoa sindano, akabandika plasta ndefu hadi begani.

Baada ya kama dakika 15 nilikuwa nautazama uchungu kwenye mashine tu: mstari unapanda, unashuka. Presha nayo ilishuka, nikasikia kichefuchefu, wakaniongezea maji ya dripu. Ila hayo si ninayoyakumbuka sana. Nakumbuka mgongo. Miaka yote ile sikuwahi kulala bila kutafuta ubavu wa kulalia, na sasa mgongo haukuwepo kabisa, kana kwamba umetoka nje kidogo. Machozi yakanitoka. Mkunga akaja mbio.

"Panauma wapi?"

"Hapaumi popote."

Binti yangu alizaliwa alfajiri. Mpira ukatolewa, vidole vya miguu vikaanza kuwasha. Mchana niliinama kumchukua, na mgongo ukaniuma palepale pa zamani, kushoto.

Shangazi aliona nimejishika kiuno. "Si nilikwambia? Hiyo sindano imekuharibu."

Ilipopita sindano paliuma siku tatu, kama mtu aliyejigonga kwenye meza. Yale mengine nilikuwa nayo kabla hata sijaolewa, naye shangazi ndiye aliyekuwa akinikanda. Nikamkumbusha. Akaguna. Nikampa mtoto, nikaenda kutafuta ukuta wa kuegemea.