Kayaki ya mtumba na matundu yake 18

Kwanza niwatoe wasiwasi waliosikia nilikuwa na boti huku ughaibuni wakadhani nimetajirika. Chombo nilichokuwa nacho kilikuwa cha plastiki, cha kukaliwa na mtu mmoja, na nilikinunua kwa mzee ambaye mgongo wake ulikuwa umekataa kukibeba. Ilikuwa kayaki ya kuvulia samaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi. Nimeitumia misimu mitatu, wiki iliyopita nimeiuza, na kabla sijasahau nimeona niandike.

Wanaofanya kazi za zamu ugenini watanielewa. Siku yako ya mapumziko inaangukia Jumanne, kila unayemfahamu yuko kazini, na wewe umelala na simu usoni mpaka jua linazama. Nilianza kuvua ukingoni mwa ziwa kwa sababu hiyo tu. Mtu akikaa peke yake kwenye benchi saa nne, watu wanamwonea huruma. Akishika mshipi, wanamuuliza kama samaki wanakula leo.

Tatizo la ukingoni ni kwamba samaki wako pale usipofika. Boti yenye injini inataka gari la kuivuta, mahali pa kuiweka na makaratasi. Kayaki inalala ukutani kwa nje, juu ya mikanda miwili. Wala si mtindo mpya: Wainuit waliiunda kwa ngozi za sili ili wawindie, kabla hajatokea mtu wa kuipanda kwa mazoezi.

Tangazo la mzee lilikuwa na picha nne, zote za upande wa juu. Sasa hivi ningejua maana yake. Anayeuza kayaki bila kuonyesha tumbo lake ama hajui ama anajua sana. Yule mzee hakujua. Alidhani watu wanapenda kuona kiti.

Nilikwenda na shemeji, mwenye gari lenye kichanja juu. Akaizunguka mara moja.

"Shemeji, hii ndiyo boti yenyewe, au ni beseni la kuogeshea watoto?"

Nikamwambia anyamaze, anishikie tochi.

Nyingi za kayaki hizi ni za poliethilini: unga wa plastiki unatiwa kwenye kalibu, kalibu inazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga unayeyuka na kushika kuta zote. Unapata chombo cha kipande kimoja, kisicho na kiungo. Uzuri wake ni kwamba kinavumilia miamba. Ubaya wake ni kwamba karibu hakuna gundi inayokishika. Ukiona kiraka cha gundi, ujue kitabanduka. Ufa hutibiwa kwa kuchomelea kwa plastiki ya aina ileile, na si kila mkono unaiweza kazi hiyo.

Kwa hiyo mikwaruzo isikutishe. Kila kayaki iliyowahi kuburutwa inayo. Pitisha ukucha: ukikwama kidogo, endelea; ukizama, simama hapo uangalie vizuri. Bonyeza tezi, pale nyuma kabisa kwenye mkuku, maana wavivu wote huburuta kayaki kwa kuinua omo, yaani mbele, na plastiki ya pale huisha kama soli ya kiatu. Tumbo lililobonyea kwa kufungwa vibaya mara nyingi hurudi lenyewe likiachwa juani. Rangi iliyopauka na kuwa kama imepakwa chaki ni jambo jingine: jua limeila, na plastiki ya namna hiyo huwa kavu na rahisi kupasuka.

Halafu kuna mashimo ya kutolea maji, yale yanayotoboka kutoka sakafuni hadi chini. Hapo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Watu huchomeka kigari cha magurudumu kwenye mashimo hayo na kuisukuma kayaki ikiwa imejaa mizigo, uzito wote ukiegemea kuta nyembamba za mashimo. Zikipasuka, maji yanaingia ndani ya tumbo polepole, bila wewe kuona, mpaka chombo kinaanza kuyumba kama mlevi. Tulimwaga ndoo ya maji ndani, tukaiinamisha huku na huku. Pakavu.

Yaliyobaki yalikuwa matundu ya skrubu. Nikahesabu 18. Mzee akanieleza moja moja, kwa raha kabisa. Haya mawili yalishika redio iliyozama. Haya manne ni ya kishikilia fimbo ya kuvulia kilichowekwa nyuma mno, akawa hakifikii bila kujinyonga. Haya ya kando ni ya mashine ya kutafutia samaki, aliyompa mwanawe, na mwanawe hakumpigia simu tena tangu hapo. Sikujua nicheke au nimpe pole. Nilitoka pale najua maisha ya yule mzee kuliko ya majirani zangu wa miaka mitano.

Jambo moja la makaratasi. Nyuma, upande wa kulia, kuna namba ya chombo iliyochongwa kwenye plastiki: herufi na tarakimu 12 kwa za Marekani, 14 kwa za Ulaya. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Ikiwa imekwanguliwa, rudi nyumbani. Mgeni ukikutwa na mali ya wizi, maelezo yako yanasikilizwa kwa sikio moja. Nilimwomba mzee aandike karatasi fupi yenye namba ile, tarehe na sahihi zetu sote wawili.

Safari ya kurudi shemeji alitaka kukaza kwa mikanda ya rachet, ile yenye mkono wa kukazia. Usikubali. Inakaza kupita kiasi na kulibonyeza tumbo. Mikanda ya kawaida ya bizimu inatosha, na kamba moja omo, nyingine tezi. Zungusha mkanda mara moja uwe na msokoto, la sivyo upepo utaupigia honi njia nzima.

Kuivisha kayaki vifaa ndiko kunakomaliza pesa za watu. Mimi niliipanda mwezi mzima bila kutoboa chochote, na huo ndio ushauri pekee ninaoutetea kwa ugomvi. Nilifunga kreti ya plastiki nyuma ya kiti, nikaibana mirija miwili ya kusimamishia fimbo, basi. Baada ya mwezi nilijua mkono wangu unafika wapi, kafi linagonga nini, na kwamba kile kiti kilihitaji kubadilishwa kabla ya mengine yote. Wauzaji wanakuonyesha vifaa vya kumuona samaki. Hakuna anayekuambia kwamba baada ya saa tatu juu ya kiti kibovu hutamtaka hata samaki.

Mashine ya kutafutia samaki nilinunua baadaye. Kipande chake kinachotuma sauti nilikibandika ndani ya tumbo, maana sauti inapenya poliethilini ikiwa hakuna hewa katikati. Unapoteza kipimo cha joto la maji, lakini hutoboi. Betri ya kwanza ilikuwa ya asidi, volti 12, saa-ampea 7, zaidi ya kilo mbili. Niliibadilisha kwa ya lithiamu yenye uzito wa karibu nusu. Kilo moja ni kitu kidogo mpaka uhesabu vyote. Kayaki yangu iliandikwa kubeba kilo 160, na kanuni ninayoifuata ni kutopita theluthi mbili ya hizo, mwili wangu ukiwemo. Nilijipima nikiwa nimevaa kila kitu. Sitaji namba.

Nanga ya kukunja, ya kilo moja na nusu, ilitosha ziwani. Kinachookoa ni kamba inayozunguka ubavuni kupitia kapi mbili, vigurudumu vya kupitishia kamba, ili nanga uishushie katikati kisha uivute mpaka omo au tezi. Ukiiacha ubavuni penye mkondo au wimbi, chombo kinalala kifudifudi nawe chini yake.

Kwa kazi hiyo ya kapi ndipo nilipotoboa tundu langu mwenyewe. Nilitumia drili ya shemeji kwa mwendo wa kasi, plastiki ikayeyuka badala ya kukatika, ncha ikateleza, na tundu likatokea sentimita mbili chini ya nilipokusudia, karibu na usawa wa maji. Siku hiyo nilijifunza kutoboa polepole, kutofika popote panapoguswa na maji, na kuziba kwa boliti isiyoshika kutu, washa ya mpira na silikoni ya vyombo vya majini. Ziba yangu haikuvuja hata siku moja. Lakini kila nilipoipanda jicho langu lilikuwa palepale.

Kuhusu jaketi okozi nitasema kifupi. Livae, usilikalie. Sisi tuliozoea maji ya vuguvugu hatuyajui maji baridi: ukitumbukia, pumzi inakatika yenyewe na unaweza kuvuta maji badala ya hewa. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, na kwa wastani una kama dakika 10 kabla vidole havijakataa kushika. Kabla ya msimu wa kwanza nilijipindua makusudi karibu na ufuko mara sita, mpaka nikaweza kupanda tena kwa tumbo kama mamba. Shemeji alipiga video. Msimuulize.

Nimeiuza kwa sababu nahamia mji mwingine, penye mto mwembamba na ghorofa isiyo na lifti. Wa kwanza kuniandikia alitaka anitumie hundi yenye pesa nyingi kuliko bei, nimrudishie ziada. Huo ni mchezo wa zamani: ziada yako inatoka leo, hundi inarudi hewa wiki ijayo. Nikamfuta.

Wa pili alikuwa kijana, naye mgeni kama mimi, wa nchi nyingine. Nilikuwa nimepiga picha za tumbo kuliko za kiti. Akaanza kukagua mikwaruzo, akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huko siko," nikampa tochi, nikamwonyesha mashimo ya maji, tezi, namba. Tukamwaga ndoo. Kisha akahesabu matundu ya skrubu nami nikimsimulia yale 18 ya mzee: redio, kishikilia fimbo, mashine ya mtoto asiyepiga simu.

"Mbona ulisema 18? Hapa kuna la 19, tena chini."

"Hilo ni langu."

Akaliangalia muda mrefu, akalipapasa kwa ukucha kama nilivyomfundisha, halafu akaomba nipunguze bei kwa hilo moja tu. Nikapunguza.