Nilivyofunga breki kwenye Suzuki inayovutwa na Coaster

"Hako ka-Suzuki ni kadogo, Coaster haitakasikia." Niliuliza kama Suzuki ninayoivuta nyuma ya Coaster inahitaji breki zake, na gereji tatu hapa Mbeya zilinipa jibu hilohilo, na zote zilikosea kwa sababu moja: ziliwaza kuvuta, hazikuwaza kusimamisha. Injini kweli haizisikii kilo 1,050 zikiwa nyuma. Breki zinazisikia. Kwenye mteremko wa asilimia 8, gari la uzito huo linakusukuma kwa kilo 80 hivi muda wote mnaoshuka. Na ukitoka spidi 40 kwenda 80, joto ambalo breki zinatakiwa kulibeba mpaka gari lisimame linakuwa mara nne, si mara mbili.

Coaster nimeigeuza nyumba, ina kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Suzuki naivuta kwa sababu ya hifadhi ya Kitulo: Coaster inabaki Chimala, Suzuki inapanda kona za mlima za Hamsini na Saba mpaka Matamba. Inavutwa matairi yote manne yakiwa chini, leva ya transfa (ile gia ndogo ya four-wheel) iko N, yaani huru, habu za mbele zimeachiwa, ufunguo umezungushwa ili usukani usijifunge. Fremu ya A, chuma cha kuvutia chenye umbo la herufi hiyo, imefungwa kwenye chesisi ya Suzuki. Ukiona fundi anataka kuifunga kwenye bampa, ondoka.

Ulaya, tela ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unazidi kilo 750 lazima liwe na breki zake, na Uingereza gari linalovutwa kwa fremu ya A linahesabiwa kuwa tela. Marekani kila jimbo lina lake, mengi yanaanzia pauni 3,000, kama kilo 1,360. Mimi nimefuata kipimo cha Ulaya, maana barabara yangu inapita mteremko wa Inyala, na nikienda Dar inapita ule wa Kitonga.

Kwanza nilishauriwa nifunge breki ya kusukumwa, ile inayotumika kwenye matela madogo. Gari la mbele likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa cha kuungia, fimbo inarudi nyuma na kuvuta kebo. Kebo tuliiunga kwenye hendibreki ya Suzuki. Ndani ya mji ilifanya kazi vizuri mno, nikaamini nimemaliza. Kushuka Inyala ndiko kulikoniumbua. Breki ya aina hii haijui tofauti kati ya kukanyaga pedali na kushuka kwa gia. Nilikuwa gia ya tatu, ekzosi breki (inayoziba moshi ili injini izuie gari) imewashwa, mguu hauko kwenye pedali kabisa, yaani nashuka jinsi inavyotakiwa. Lakini kwa kuwa Coaster inazuiwa na injini, Suzuki inaisukuma muda wote, kwa hiyo kebo imevutwa muda wote. Na hendibreki inashika nyuma tu, dramu mbili ndogo. Kufika chini shuu za breki zilikuwa zinanuka, na nilipozifungua zilikuwa nyeusi zinang'aa kama kioo. Shuu zikifikia hapo hazishiki tena. Kupiga msasa hakutoshi, badilisha. Kwa nchi tambarare sina neno na breki hiyo. Huku kwetu kwenye miteremko mirefu siishauri.

Nilichoweka badala yake ni silinda ndogo ya upepo inayosukuma pedali ya Suzuki yenyewe, ili magurudumu yote manne yafanye kazi. Kipenyo ni milimita 40. Ukiipa upepo wa presha ya psi 45 inasukuma kwa kilo 40 hivi. Psi 30 inatoa kama 26. Nyuma ya silinda kuna tangi dogo, kompresa ya volti 12, rigyuleta ya kupanga presha yenye geji, na valvu ya umeme ya kufungulia upepo. Vifaa vilikula laki tano na ushee, vingi ni vya mtumba kutoka Mwanjelwa. Amri inatoka kwenye taa ya breki ya Coaster peke yake. Nikishuka kwa gia, Suzuki inatulia. Nikikanyaga, nayo inakanyaga.

Umeme ndio uliotaka akili. Coaster yangu ni volti 24, Suzuki ni 12. Ukiunga waya moja kwa moja, balbu zinaungua. Weka rilei, yaani swichi zinazowashwa na umeme, zenye koili ya volti 24: koili inapata umeme wa Coaster, halafu miguu yake inapitisha volti 12 za Suzuki kwenda kwenye valvu. Taa za nyuma na indiketa zinafuata njia hiyohiyo. Kompresa inakula betri, kwa hiyo nina konvata ya kushusha 24 kuwa 12 inayochaji betri ya Suzuki njiani.

Siku ya majaribio, nilipofunga breki mara ya kwanza magurudumu ya Suzuki yaliganda na kuacha alama nyeusi kwenye lami. Mara ya nne ilikuwa kama haina breki. Presha haikubadilika, geji ilisoma palepale. Ni busta, kile kifaa cha kulainisha pedali: injini ya Suzuki ikizimwa, mle ndani bado kuna vakyumu (mvuto wa hewa) ya kukanyaga mara mbili tatu, na hiyo inaongeza nguvu, ikiisha pedali inakuwa ngumu. Dawa yake ni kuzima injini, kukanyaga kwa mguu mara tano mpaka pedali iwe ngumu, ndipo unafunga silinda na kupanga presha. Mimi nimeishia psi 45.

Minyororo miwili ipishane chini ya fremu, ili fremu ikichomoka idakwe kabla ya kugusa lami. Waya mwembamba unatoka Coaster kwenda kwenye swichi ya pini. Suzuki ikiachana na Coaster pini inachomoka, na betri ya Suzuki inafungua valvu moja kwa moja. Ijaribu kila safari: chomoa pini, sukuma gari. Likisogea usiondoke. Na usirudi nyuma ukiwa umeunga, matairi ya mbele ya Suzuki yanajikunja upande yenyewe. Tazama njia ya kutokea kabla hujaingia sheli.

Mafuta ya breki nilibadilisha magari yote mawili, maana joto la mteremko linaweza kuyachemsha. Daraja la DOT 3 likiwa jipya linachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155.

Kipimo changu cha joto la breki nakifanya Igurusi, baada ya Inyala. Nachovya kidole kwenye maji, nadondosha tone moja kila gurudumu, diski za mbele na dramu za nyuma. Tone moja tu, usimwage kikombe, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Wakati wa ile kebo, dramu za Suzuki zilirusha tone kabla halijatua. Sasa linatanda na kukauka taratibu, na upande wa kushoto unalingana na wa kulia.

Chimala, kabla ya kuchomoa fremu, weka mawe kwenye matairi. Transfa ikiwa N gia haishikilii kitu.