Siku 74 kwenye daftari

Leo nimevunja makundi yangu yote ya mwanzo. Tangu Agosti nilikuwa nazigawa siku za hapa Tabora kwa joto la saa 9 alasiri: baridi, wastani, kali. Pembeni naandika mama ametumia mara ngapi dawa yake ya kuvuta, maana ana pumu na kiangazi humwandama kila mwaka. Sikupata kitu. Siku mbili zilifika nyuzi 32 zilezile. Moja mama alishinda bustanini, nyingine alivuta dawa mara nne kabla ya chai.

Nikazisoma upya mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa asubuhi. Siku ile mbaya iliamka na nyuzi 17, jani la mwembe halitikisiki, moshi wa mashamba yaliyochomwa umelala juu ya mabati ya mtaa wa Ng'ambo. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa ya baridi ikakaa chini na ya joto ikaifunika. Moshi hauna pa kwenda mpaka jua lipande.

Kumbe siku inabidi ichukuliwe nzima, joto, unyevu, upepo na mawingu yake, ndipo ipewe jina. Hubert Lamb, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, mwaka 1972, alizipanga siku za kwao katika aina 27 kwa kufuata mgandamizo wa hewa na mwelekeo wa upepo. Huku karibu na ikweta mgandamizo haubadiliki sana, kwa hiyo namwacha. Njia ya Wamarekani Kalkstein na Sheridan inanifaa zaidi: huangalia hewa iliyopo kwenye kituo cha hali ya hewa, kavu au yenye unyevu, ya joto au ya baridi, mara nne kwa siku. Mimi naweza mara mbili, saa 3 asubuhi na saa 9.

Makundi mapya ni kipupwe cha upepo, moshi uliolala, ukavu mkali, na fukuto la kabla ya mvua. La mwisho lina siku tano tu, silisemei bado.

Siku tatu nimezifuta: kitambaa cha kipimajoto cha maji, kile kinachovishwa kitambaa kibichi ili kikilinganishwa na kikavu kionyeshe unyevu, kilikauka, vipimajoto vyote viwili vikasoma sawa. Sasa nakilowesha kila jioni.

Jina la moshi uliolala amelitoa mama. Huutambua kwa harufu akiwa bado kitandani. Kuanzia kesho namuuliza saa 12 asubuhi siku itakuwa ya aina gani, naandika jibu lake kwanza, ndipo natoka kusoma vipimo.