Kinyozi wangu na polisi wa New York

Wadau, leo jioni nimekaa kwa kinyozi hapa Sinza, badala ya singeli nasikia simu yake inakoroma Kiingereza. Kumbe anasikiliza redio ya polisi wa Marekani, laivu kabisa!

Jamaa kazama si mchezo. Eti New York redioni ikitajwa namba "10-13", askari anaomba msaada, wenzake wote mbio. Kwingine namba hiyohiyo ni habari za hali ya hewa na barabara tu. Los Angeles nao mauaji ni "187", kifungu cha sheria ya California.

Ghafla sauti za redioni zikapanda.
Mashine ikasimama. Upande mmoja kipara, upande mwingine msitu, yeye kakunja uso kama ndiye anayetumwa.

Nikamuuliza: "Na polisi wa kwetu je?"
"Kaka, hao tuwaache na redio kolu zao."

Nani mwingine ana ugonjwa huu?